Pongezi kwa Watafsiri wa Tamthilia

Katika mji wa Geita, ambako vijana hujazana kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, mwisho wa juma, hapana budi tumpe heko mtafsiri wa tamthilia, ambaye kwa sauti yake moja humfanya binti wa Manila azungumze kama jirani yetu. Tamthilia za Ufilipino, mfano wa Pangako Sa 'Yo iliyoanza mwaka 2000, zilitungwa kwa lugha tusiyoifahamu. Lakini yeye, akifuata njia ya Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa fani hii Dar es Salaam, huipunguza sauti ya asili, akamsemea baba kwa ukali na mchumba kwa upole, na panapo kimya hufafanua kwa nini mama amekunja uso. Kazi hiyo yataka ufasaha, ucheshi na hadhari. Hata hivyo, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yataka idhini ya mwenye kazi kabla ya kuitafsiri; basi wenye mamlaka na wawarahisishie mafundi hawa njia ya kuipata, ili riziki yao iwe halali na hadhi yao itambulike.