Ulinzi Si Malezi: Utoto wa Rosa na Maimuna na Mapenzi Yaliyowaangamiza

Mwalimu mwenzangu, ukisahihisha insha za fasihi hapa Machakos au kwingineko nchini, hutakosa kukutana na jibu hili: "Rosa ni mwasherati. Maimuna ni kahaba." Mtahiniwa hutaja sifa, akatoa mfano mmoja, akapewa alama yake, akasonga mbele. Jibu hilo si la uongo. Hata hivyo, linaishia palepale ambapo uhakiki ungepaswa kuanza. Makala haya yanadhamiria kumwonyesha mtahiniwa kwamba mwenendo wa wahusika hawa katika mapenzi una mizizi, na kwamba mizizi hiyo imo katika utoto wao.

Tutazame riwaya mbili. Ya kwanza ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971 na kuwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Ya pili ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980 na ambayo wengi wetu tuliifundisha ilipokuwa ikitahiniwa katika KCSE. Huenda wewe mtahiniwa wa leo hukutengewa riwaya hizi. Zisome vivyo hivyo, kwani swali la malezi halikosekani katika kitabu chochote utakachopewa.

Zakaria, babake Rosa, ni mlevi wa kijiji cha Namagondo, Ukerewe. Humpiga mkewe Regina, na nyumba yake huishi kwa hofu. Anapogundua kwamba binti yake ameandikiwa barua na kijana Charles, humpiga Rosa kipigo kisichosahaulika. Maksuudi wa Utengano, kwa upande mwingine, ni tajiri mwenye jina na heshima mjini. Maimuna halali njaa wala havai matambara. Lakini amefungiwa ndani, hana shule wala marafiki, na baba mwenyewe ana maisha yake ya siri huko nje.

Hapa mtahiniwa anapaswa kutua na kufikiri. Baba mmoja ni fukara, mwingine ni tajiri. Mmoja anadharauliwa na jirani zake, mwingine anasujudiwa. Kumbe kupuuzwa kwa mtoto si suala la umaskini pekee. Mtoto anaweza kushiba wali na nyama, akalala na njaa ya kusikilizwa. Wote wawili, Zakaria na Maksuudi, wanamlinda binti kwa ukali mkubwa, lakini hakuna hata mmoja anayemjua binti huyo. Wanalinda heshima yao wenyewe iliyowekwa mwilini mwa mtoto. Huo ni ulinzi. Ulinzi si malezi.

Utafiti mmoja uliofanywa hapa hapa Afrika Mashariki unaweza kutufaa. Kati ya mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliishi karibu na Kampala, akawatembelea akina mama 26 wa Kiganda na watoto wao wachanga majumbani mwao. Aliona kwamba mtoto aliyemwamini mama yake hakumng'ang'ania kutwa nzima. Kinyume chake, alithubutu kutambaa mbali, akachunguza vitu na watu, kisha akarudi kwa mama kama mtu anayerudi kituoni kupumzika. Matokeo hayo yalichapishwa kama kitabu mwaka 1967. Pamoja na kazi za Mwingereza John Bowlby, yalisaidia kujenga nadharia ya mshikamano, ambayo watafiti wengine baadaye waliipanua hadi kwenye mapenzi ya watu wazima: mtu aliyekosa kituo cha kurudi utotoni huweza ama kuogopa kabisa kupendwa, ama kumng'ang'ania yeyote anayemwonyesha dalili ya upendo.

Sasa rudi kwa Rosa. Somo la kwanza alilopewa kuhusu mapenzi ni fimbo. Hakufunzwa namna ya kumpima mwanamume, namna ya kukataa, wala namna ya kukubali kwa heshima. Alifunzwa kuogopa tu. Kwa hivyo anakua akiwakwepa wanaume, na anapokuwa mbali na macho ya babaye, hasa akiwa katika chuo cha ualimu Morogoro, anajitupa katika mapenzi pasipo breki. Wasomaji wengi huona hapa wasichana wawili: Rosa mwema na Rosa mwovu. Mimi naona mmoja. Hofu ilipoondoka haikuacha kitu mahali pake, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kimepandwa chini yake.

Tazama pia nafasi ya Charles. Barua yake ndiyo iliyomletea Rosa kipigo. Baadaye Rosa anajaribu kujirekebisha, na ni Charles huyu huyu anayemchumbia. Anapogundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Je, Charles ana tofauti gani na Zakaria? Wote wawili wanampima Rosa kwa kipimo kimoja. Msichana aliyelelewa na hakimu ameitafuta faraja kwa hakimu mwingine. Huo ndio mshikamano wenye sumu: si kwamba mtu hupenda kuumia, bali hukifuata kile alichokizoea akidhani ndicho kinachoitwa pendo.

Maimuna naye anaponyoka nyumbani baada ya mamake, Bi Tamima, kupigwa na kutalikiwa. Anaingia katika ulimwengu asioujua hata njia zake. Anaangukia mikononi mwa Bi Farashuu, mkunga ambaye ana kisasi na Maksuudi, kisha anafika kwenye danguro la Mama Jeni. Waswahili husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii aghalabu hutumiwa kumlaumu mtoto. Isome upya: inamlaumu aliyepaswa kufunza. Tena katika Utengano mama mwenyewe alikuwa mfungwa wa nyumba ile ile, hivyo lawama haimwishii yeye. Maimuna anawaamini watu upesi kwa sababu hajawahi kupewa nafasi ya kuamini na kukosea palipo salama.

Kuna hoja ya kupinga, na mtahiniwa hodari hatangoja aulizwe. Je, tukisema hivi, hatujawaondolea wahusika hawa wajibu wao? Mbona wengine waliteseka utotoni wasipotee? Hoja hii ina uzito. Kongowea wa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 1996, alifiwa na mamaye akiwa mdogo, akaonja mateso katika nyumba ya jamaa. Hakuangamia. Lakini kumbuka kwamba kabla ya mateso hayo Kongowea alikuwa amependwa. Mamaye Zainabu Makame alimwachia kumbukumbu ya pendo, na kumbukumbu hiyo ikawa kituo chake safarini kumtafuta baba. Malezi basi si amri ya chuma inayomfunga mtu hadi kaburini, ni akiba. Aliyewekewa kidogo anaweza kustahimili. Asiyewekewa chochote huingia sokoni mikono mitupu, na bado anafanya uchaguzi, ila anachagua gizani. Kezilahabi mwenyewe hakulikwepa suala hili: mwishoni anawaleta baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu, nasi wasomaji tunalazimika kupima sehemu ya kila mmoja.

Mtahiniwa, ukiulizwa "Malezi mabaya ndiyo chanzo cha maangamizi ya mhusika. Jadili," usiorodheshe makosa ya mzazi upande huu na makosa ya mtoto upande ule. Unganisha. Onyesha tukio la utotoni, onyesha funzo ambalo mhusika alilipata kutokana na tukio hilo, kisha onyesha uhusiano wa baadaye ambamo funzo hilo linajirudia. Hatimaye pima: ni wapi mhusika angeweza kuchagua vingine? Hatua hizo nne zitakupa hoja zilizokamilika, na neno "jadili" litakuwa limetendewa haki.

Nawe mwalimu, kumbuka kwamba darasa lako si la wahusika wa kubuni. Katika madawati hayo wameketi watoto wanaoletewa karo kwa simu lakini hawaulizwi kamwe wanaendeleaje, na wengine wanaotoka nyumba zenye Zakaria. Unaposema mbele yao "Maimuna ni malaya" kisha ukafungua ukurasa mwingine, yuko anayejisikia amehukumiwa pamoja naye. Unapouliza "Alifikaje pale?" umemfunza fasihi, na pengine umemwonyesha kwamba anaweza kuulizwa swali lilo hilo na mtu atakayengoja jibu.