Pongezi kwa Wasomao Matope

Juu ya Muheza, katika milima ya Usambara ya Mashariki, huko Derema na Mbomole, mabingwa wa elimu ya chavua wamechimbua matope tabaka kwa tabaka, wakiitumikia fani adhimu ambayo, kwa rai yangu, yastahili sifa kubwa kuliko ipatayo. Kwa kuwa hewa haipenyi udongo uliotota, na ganda la chavua ni gumu hata asidi nyingi haziliharibu, vumbi la maua yaliyochanua karne nyingi nyuma husalimika humo bila kuoza. Bingwa huchemsha tope katika dawa kali, kisha huinamia darubini akihesabu punje ambazo nyingi hazifiki sehemu ya kumi ya milimita: hii ya mti wa podo, yenye vifuko viwili ubavuni, ile ya nyasi, mviringo, yenye kitundu kimoja, na ya mahindi, kubwa kupita za nyasi za mwituni, shahidi wa jembe. Vipande vya makaa navyo hukiri mioto. Atakaye kujua msitu ulikuwaje karne nyingi kabla Wajerumani hawajaanzisha taasisi yao ya utafiti Amani mwaka 1902, hana karani wa kumwuliza ila mabingwa hao.