Pampu Hupandisha, Valvu Hushika

Kazi zenye kelele hazikosi wa kuzisifu. Tairi likijaa, shukrani humwendea aliyepampu mpaka jasho likamchuruzika. Maji yakifika mjini Newala, mazungumzo huwa ya mashine: ina nguvu gani, inakula umeme kiasi gani, imeletwa na nani. Kile kidude kinachoziba njia ya kurudi, ambacho kwenye baiskeli ni chembamba kuliko kidole cha mtoto na kwenye bomba kuu hakionekani kabisa, hakitajwi mpaka siku kinapoharibika. Nataka kukisifu kikiwa kizima, na nakisifia juu ya uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, kwa sababu wakazi wa huko wanajua kuliko wengi kwamba kupandisha kitu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukizuia kisiteremke.

Uwanda huo unapanda kidogo kidogo kutoka upande wa bahari kwenda magharibi, hadi ukingoni ulipo mji wa Newala. Hapo ardhi inakatika, bonde la Ruvuma linafunguka chini, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Udongo wa juu ni wa kichanga. Mvua ikinyesha hunywewa papo hapo, haiachi mto wala bwawa, kisha maji hujitokeza huko chini, kwenye chemchemi za miguuni mwa mteremko. Masimulizi ya asili ya Wamakonde yanasema mtoto wa kwanza alizaliwa karibu na maji, akafa. Wazazi wakasogea juu kidogo, wa pili naye akafa. Walipofika juu kabisa, porini, wa tatu akaishi. Uhai huo ulikuwa na bei yake, na waliolipa ni wanawake, kwa shingo na magoti. Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyekaa Newala mwaka 1906, alikuta maji yakichotwa mbali chini ya mteremko. Ni katika miaka ya 1950 ndipo ulipojengwa mradi wa kuyasukuma kutoka Mitema, katika bonde la Kitangari, mpaka juu.

Asiyejua pampu anaweza kuuliza: kwa nini mashine isikae Newala penyewe, karibu na watu, ikavuta maji kutoka bondeni? Haiwezekani, hata kwa mashine kubwa kuliko zote duniani. Pampu haivuti maji. Inapunguza hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yaingie. Mwitaliano Evangelista Torricelli alilifumbua jambo hilo katika miaka ya 1640: hewa yote iliyo juu yetu inaweza kusimamisha nguzo ya maji ya mita 10 hivi, basi. Fundi mzoefu huhesabu 7 au 8. Kina kikizidi hapo, pampu haina budi kuyafuata maji yaliko na kuyasukuma kutoka chini. Kwa hiyo anayechagua pampu hutazama kwanza maji yako wapi, ndipo atazame bei.

Kabla ya bei kuna jambo la pili la kutazama, nalo huonekana wazi kwenye pampu za upepo: panatakiwa upepo mwingi, au upepo mkali? Boti ya mpira ya wapiga mbizi au waokoaji ina tumbo kubwa, lakini upepo wake ni mpole, kama PSI 3 hivi (paundi kwa inchi ya mraba). Pampu yake huwa na silinda pana, ili kila pigo lipeleke hewa tele. Baiskeli ya mizigo hutaka hewa kidogo, ila kwa PSI 40 au 50, kwa hiyo pampu yake ni nyembamba na ndefu. Ukijaza tairi hilo kwa pampu pana ya boti, utalalia mpini kwa uzito wako wote na hautashuka. Ukijaza boti kwa pampu ya baiskeli, jua litazama boti bado imelegea. Mkono ni ule ule na nguvu ni ile ile. Upana wa silinda ndio unaoamua nguvu hiyo itawanywe au ikusanywe mahali pamoja.

Hayo yote bado ni ya kupandisha. Ufundi wa kushika unaonekana vizuri zaidi mjini Masasi, kwa fundi baiskeli wa chini ya mwembe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Upepo haukai, mjukuu wangu. Najaza jioni, asubuhi tairi liko chini. Nadhani ni pancha."

"Tusivue tairi kwanza, babu. Tuiulize valvu."

Fundi huyo kijana analowesha ncha ya kidole kwa mate na kuipaka kwenye mdomo wa valvu. Wote wawili wanainama. Utando wa mate unavimba polepole, unakuwa povu, unapasuka, halafu unaanza kuvimba tena. Hapahitajiki maelezo. Fundi anafungua nati, anachomoa kipini cha shaba, anabandua mpira mdogo uliokauka na kupasuka, anakata mwingine, anaulowesha, anausokomeza taratibu mpaka unafunika tundu lililo ubavuni mwa kipini. Ameokoa tyubu isichubuliwe bure, na mzee ameokoa hela ya kiraka.

Angalia sasa akili iliyomo katika mpira huo. Hewa ya pampu inapita ndani ya kipini, inatokea kwenye tundu, inausukuma mpira utanuke na kujipenyeza tyubuni. Pigo likiisha, hewa iliyokwisha kuingia inataka kutoka, lakini kwa kutaka kutoka inaukandamiza mpira ule ule juu ya tundu na kujifungia mlango. Kadiri tairi linavyojaa ndivyo mlango unavyozidi kubana. Hakuna mlinzi, hakuna springi, hakuna ufunguo. Kinachotaka kutoroka ndicho kinachoshikilia komeo.

Ndani ya pampu yenyewe mna ndugu yake: washa ya ngozi, yenye umbo la kikombe. Ikishuka, ukingo wake hutanuka na kubana silinda. Ikipanda, ukingo hulegea na kupisha hewa. Kipande kimoja cha ngozi kinafanya kazi ya pistoni na ya valvu kwa pamoja. Ngozi ikikauka pampu inapumua tu, na wengi huitupa wakanunua mpya. Fundi huifungua, anaipaka grisi, anaitanua ukingo kwa kidole gumba, na pampu inarudi kazini. Wahunzi wa zamani walishajua siri hiyo kwenye mvukuto wa ngozi ya mbuzi, ila mlango wa mvukuto ulikuwa vidole vyao wenyewe, vikifumbua wakati wa kuinua na kufumba wakati wa kukandamiza.

Sheria hiyo hiyo ya mlango wa upande mmoja inakaa visimani. Mikoa ya Mtwara na Lindi ilipata visima vingi vya pampu za mkono kupitia miradi iliyofadhiliwa na Ufini kuanzia miaka ya 1970, na mojawapo ya pampu hizo ni Nira. Mpini wake si wenzo. Unaushika na kuuinua na kuushusha wima. Kule chini mna valvu mbili. Ukiinua, ya kwenye pistoni inafunga na kubeba maji, ya miguuni inafunguka na kukaribisha mengine. Ukishusha, zinabadilishana zamu. Ya miguuni ikichakaa, maji hurudi kisimani usiku kucha, na mama wa kwanza alfajiri hupiga mpini kwa muda mrefu kabla ya kuona tone. Kijiji kitasema kisima kimekauka, kumbe ni kipande cha mpira tu.

Mzigo mkubwa kuliko yote unabebwa na valvu ya bomba linalopanda uwandani. Kila mita 10 za maji zilizosimama huongeza kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba. Tuchukue kimo cha mita 300: hizo ni kilo 30 juu ya eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba. Umeme ukikatika ghafla, maji yaliyokuwa yakipanda yanasita, yanasimama, kisha yanageuka. Valvu ikifunga mapema, kabla hayajashika kasi ya kurudi, hakuna litakalosikika. Ikichelewa kidogo, maji yote hayo yanagonga mlango unaojifunga, na mshindo unasafiri ndani ya chuma ukitafuta kiungo dhaifu cha kupasua. Ndiyo maana mitambo mizuri huwekewa tangi lenye hewa ya kupokea pigo, na ndiyo maana fundi bomba mwenye adabu hafungi geti valvu kwa pupa. Anazungusha, anangoja, anazungusha tena.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na pampu nayo ni mali. Tunajua kutafuta pampu, kuiombea fedha, kuikopea. Mradi wa maji wa miji 28, unaogharamiwa kwa mkopo kutoka India, umeifikia Makonde pia, na ni jambo la kushukuru. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi afungue bomba na apigiwe makofi, ni haki yake. Lakini kamati ya maji ya kila kijiji ingefanya vyema kuuliza maswali mawili yasiyo na makofi: mipira ya valvu ya akiba iko kabati gani, na ni nani hapa kijijini aliyefundishwa kuibadilisha? Kijiji chenye majibu kitakunywa maji miaka mingi baada ya rangi ya mashine kubabuka.