Usaili wa kazi si mashindano ya kukariri

Kabla ya 1974, aliyetaka kazi serikalini nchini Ayalandi ilimbidi akijue Kiayalandi, lugha ambayo Katiba yao ya 1937 inaiita lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Sharti hilo likaondolewa. Sasa limerudi kwa sura nyingine: sheria ya 2021 inataka angaa asilimia 20 ya waajiriwa wapya wa umma wawe na umilisi wa lugha hiyo kufikia mwisho wa 2030.

Haya, msailiwa ajiandaeje? Kishawishi ni kukariri: naitwa fulani, nimesomea kule, naipenda kazi hii. Jopo likiuliza swali la kando tu, ulimi unafungwa.

Raia wa Connemara haji afisini kuuliza karani anapenda nini. Anauliza pensheni yake imekwama wapi. Maandalizi ya maana basi ni msamiati wa kazi yenyewe: fomu, ada, rufaa, makataa. Ni kusikiliza Raidió na Gaeltachta, iliyo hewani tangu 1972. Ni kuweza kusema, kwa lugha iyo hiyo, "Sijakuelewa, hebu rudia."

Lawama isimwangukie msailiwa peke yake. Swali la mazoea huzaa jibu la kukaririwa.

Nasi je? Kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya 2010 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa, na rasmi sambamba na Kiingereza. Ni majopo mangapi humsaili karani wa ardhi kwa lugha atakayosemeshwa na ajuza dirishani? Tusipolijibu hilo, hatuna la kuwacheka Waayalandi.