Aljebra ya Euler na Mipaka ya Namba

Euler, mwana wa mchungaji wa Uswisi, alikuwa karibu kipofu alipomsemea mtumishi wake kitabu cha Aljebra, kikapigwa chapa kwa Kidachi mwaka 1770. Twakisifu, maana chaanzia kujumlisha, kikimshika msomaji mkono hata mambo magumu. Lakini mahali pawili twakilaumu.

Asema 1 ikigawanywa kwa sifuri hutoa namba isiyo na mwisho, na 2 hutoa maradufu ya hiyo. Twauliza, ni namba gani ukiizidisha kwa sifuri itarudi kuwa 1? Mwenye mahindi hawezi kuwagawia watu wasiokuwapo, kisha akasema kila mmoja amepata tele.

La pili ni zito zaidi. Kipeuo cha 9 ni 3. Bali namba hasi, zilizo chini ya sifuri, hazina kipeuo katika namba zetu za kawaida. Euler azitwaa hata hivyo, akafundisha kwamba kipeuo cha -1 mara kipeuo cha -4 ni kipeuo cha 4, yaani 2. Wataalamu wa leo huandika -2. Wako wamteteao, kwamba kila namba ina vipeuo viwili, naye alilijua hilo. Na iwe hivyo. Lakini mwanafunzi aandikaye jibu moja atashika lipi? Kanuni ya kuunganisha vipeuo ni njema kwa namba zisizo hasi, naye aliivusha mpaka.

Mpaka huo twauvuka nasi shuleni. Tazameni hesabu hii: kipeuo cha x, kugawanya kwa kipeuo cha x − 3. Juu, x isiwe hasi. Chini, x − 3 isiwe hasi wala sifuri. Basi zafaa namba zizidizo 3 tu, na 3 yenyewe haimo. Mwalimu mwenye haraka hutia yote katika kipeuo kimoja, kipeuo cha x/(x − 3). Sasa wekeni -1 mahali pa x: -1 kugawanya kwa -4 ni robo, na kipeuo chake ni nusu. Jibu limetoka mahali ambapo hesabu ya kwanza haikuwa na jibu! Ya pili yapokea sifuri na namba hasi zote, pamoja na zizidizo 3. Hesabu hizi si moja.

Sisi wenyewe tumepata kumtia kosa mtoto aliyeandika "haiwezekani" mbele ya -1, naye ndiye aliyekuwa amelisoma swali kama lilivyoandikwa ubaoni.