Kuba la Kanisa, Mkono wa Fundi

Mgeni akipita Barabara ya Nkrumah, kisiwani Mombasa, anaweza kuliona kuba na kudhani ni msikiti. Kumbe ni Mombasa Memorial Cathedral, kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa kati ya 1903 na 1905. Ni kumbukumbu ya Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na wamishonari wengine. Kuba na matao yake yameazimwa kwa Waislamu.

Kwangu mimi, jengo hili linahubiri kuhusu ubunifu kuliko mahubiri mengi tunayoyasikia. Yale tumeyazoea: umeumbwa kwa mfano wa Muumba, Mwanzo 1:27, basi nawe ni mbunifu. Sawa kabisa. Shida ni kwamba baada ya amina tunarudi kulekule. Msanii ni yule mwenye maikrofoni. Anayeshona, anayeranda mbao na anayepaka rangi eti ni watu wa kazi za mikono tu.

Biblia haisemi hivyo. Katika Kutoka 31, anayejazwa Roho wa Mungu ni Bezaleli, fundi wa dhahabu, mawe na mbao. Msaidizi wake, Oholiabu, anatajwa kwa jina na kabila. Sura ya 35 inawakumbuka hata wanawake waliosokota nyuzi. Yaani kipawa kiligawiwa wengi, na waliokipokea wakaandikwa.

Sasa ingia Mji wa Kale, ufuate Ndia Kuu ukitazame ile milango ya nakshi. Uliza ni ya nani, na mara nyingi utatajiwa mwenye nyumba. Aliyeshika patasi je? Kimya. Kanisani nako, anayekumbukwa ni askofu.

Kuna atakayeniambia: mafundi wengi wa nakshi hizo walikuwa Waislamu, na baadhi ya milango ina maandishi ya Kiarabu, vipawa vya Mungu ni vya waliookoka. Lakini mstari ule wa Mwanzo unamzungumzia binadamu kabla hakujawa na kanisa wala msikiti. Ukimtoa Mwislamu humo, hilo kuba la Nkrumah umelipata wapi?

Tusilipambe jengo kupita kiasi, lakini. Waingereza walitangaza himaya yao hapa mwaka 1895, na kuvaa umbo la wenyeji kunaweza kuwa ujanja wa mtawala. Hata hivyo, ujanja huo wenyewe ni ushahidi: hakuna anayeazima kitu kisicho na thamani.

Kwa hiyo, kanisa likituambia kila mtu ana kipawa, tulidai lionyeshe. Jumapili moja, kwenye matangazo, wasomwe waliotengeneza mabenchi na walioshona majoho ya kwaya. Kwa majina yao, kama Bezaleli.