Kimia Kipya na Mkono wa Kukijaribu

Mafundi wa kimia ninaowaheshimu hapa Kindu, ukingoni mwa mto Lualaba, hawauzi wavu siku wanayofunga fundo la mwisho. Wanautupa kwanza. Wanautupa mchangani, halafu majini penye kina kifupi, kisha wanarudi kukaa chini na kisu na uzi, wanafumua walichofunga jana. Kazi hiyo hailipwi, na wapita njia huiona kuwa ni kujifurahisha tu. Kwangu mimi ndicho kilele cha ufundi wenyewe, na ndiyo ninayotaka kuisifu.

Kimia ni wavu wa duara unaotupwa kwa mkono. Kamba yake hutoka katikati na kubaki kwenye kifundo cha mkono wa mvuvi. Pindoni, mzunguko mzima, zimefungwa chubwi za risasi. Fundi huanza kusuka juu kwa macho machache, kisha huongeza macho mzunguko baada ya mzunguko, ili wavu uzidi kupanuka kuelekea pindoni. Akiongeza haraka mno, nyuzi zinajikusanya na kujikunja. Akichelewa kuongeza, anapata mfuko mrefu usiokubali kufunguka. Na kasoro hizo hazionekani kimia kikiwa kimetundikwa mtini, kwa sababu kikitundikwa kila kimia ni kizuri.

Ndiyo maana namkumbuka sana mzee mmoja ng'ambo ya Alunguli, wakati wa kiangazi, Lualaba ilipokuwa imeshuka na mafungu ya mchanga yamejitokeza. Alikunja kamba kwenye mkono wa kushoto, akaweka sehemu ya wavu begani, akaliuma pindo kwa meno, akageuza kiuno na kuachia vyote kwa mara moja. Kimia kikazunguka hewani, kikafunguka kama mwavuli, kikaanguka juu ya mchanga mbichi. Kijana wake wa kazi akafurahi.

“Papa, si kimefunguka?”

“Kimefunguka machoni mwako. Kiondoe, uje tuzunguke.”

Wakakiinua polepole. Mchangani zilibaki alama za chubwi, vishimo vidogo vilivyofuatana hadi kukamilisha duara. Mzee akatembea pembeni mwa alama hizo, ameinama, bila kusema neno. Upande wa mto duara lilikuwa limebonyea kidogo, na hapo vishimo vilikaribiana. Akachukua kile kipande cha pindo, akahesabu chubwi kwa vidole, akakata mbili, akaifunga moja mbali kidogo na pale zilipokuwa. Akatupa tena. Akazunguka tena. Sijaona mwalimu akisahihisha daftari kwa uangalifu wa namna ile.

Anayeona kuwa huko ni kujisumbua na apige hesabu. Kimia chenye mita 2 kutoka katikati hadi pindoni, kikifunguka chote, hufunika mita za mraba 12 na nusu hivi. Chenye mita 3 hufunika 28, yaani zaidi ya maradufu, kwa mita 1 tu ya ziada. Lakini kisipofunguka vizuri, ile mita ya ziada ni mzigo wa kubeba bure. Chubwi zikipungua, pindo linachelewa kufika chini na samaki wanapita chini yake. Zikizidi, mkono unachoka mapema na wavu unaanguka kabla haujamaliza kutanuka. Halafu kuna mkondo, unaosukuma wavu kabla haujatulia, na kuna samaki aitwaye mbenga, ambaye meno yake hayangoji fundi ajisahihishe. Mto hausamehe. Heri mchanga uyaseme makosa kwanza.

Kinachofungua kimia ni ule mzunguko: kikizungushwa, risasi za pindoni hukimbilia nje na kuvuta nyuzi zote pamoja nazo. Kuzunguka vilevile ndiko kunakokituliza hewani kisahani cha plastiki kinachorushwa katika mchezo wa gofu ya visahani. Uwanja wa kwanza wa kudumu wa mchezo huo ulitengenezwa na Ed Headrick katika bustani ya Oak Grove, California, mwaka 1975. Mwaka 1983 Dave Dunipace alichonga ukingo wa kisahani ukawa mwembamba, na tangu hapo visahani vya kurushwa mbali vikapata umbo lao, upana wa sentimita 21 hivi. Leo kiwanda huviandikia tarakimu za mwendo, za kuelea na za kupinda. Hata hivyo mchezaji makini akinunua kipya huenda peke yake uwanja mtupu, akakirusha upepo ukimpiga usoni, akageuka akakirusha upepo ukiwa mgongoni, kwa kuwa kisahani kilekile hupinda tofauti katika pepo hizo mbili. Mzee wangu wa Alunguli angemwelewa bila mkalimani. Naye hakuridhika mpaka kimia kilipotupwa upepo wa mto ukivuma.

Watu wa mto huu wana sifa ya zamani. Msafiri Livingstone alipofika Nyangwe, kwenye mto huuhuu, mwaka 1871 aliwakuta Wagenya ndio wenye mitumbwi, akaondoka bila kuupata hata mmoja wa kumvusha. Elimu ya watu hao haikuwekwa vitabuni. Ilikaa mikononi, na mkono hujifunza kwa kujaribu. Kwa hiyo huniuma kuona nyavu za kiwandani zikinunuliwa kwa sura, zikipelekwa majini siku hiyohiyo, nyingine zikiwa na macho madogo hata kifaranga wa samaki hatoki. Wapo pia wanaovua kwa chandarua, kilichotengenezwa kuzuia mbu. Bei rahisi naielewa, maana maisha ni magumu. Lakini wavu ambao hakuna aliyewahi kuutupa kabla ya kuuuza umepelekwa sokoni kazi ikiwa nusu, na nusu iliyobaki anaimaliza mnunuzi kwa njaa yake.

Basi, ndugu msomaji, ukienda sokoni kununua kimia, kabla ya kutoa franga zako mwombe muuzaji mshuke naye hadi mchangani akitupe mbele yako. Kiinueni pamoja, mzunguke alama za chubwi. Akikataa, tafuta fundi mwingine; hapa Kindu bado wapo.